Nani Kasema Orodha Ikifungwa Data Inakuwa Safi?

Waulize watengeneza mifumo popote, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kwa nini fomu yao haimruhusu mtumiaji kuongeza jina lisilokuwemo kwenye orodha. Jibu utalipata kabla hujamaliza swali: wakiachiwa watachafua data. Mmoja ataandika Dar es Salaam, mwingine Dar, wa tatu DSM, wa nne Daresalaam kwa neno moja, na siku ya kutoa ripoti utakuta miji minne mahali penye mmoja. Kwa hiyo menyu kunjuzi inakomewa. Majina yanayoruhusiwa yanaandikwa humo mara moja tu, na asiyeliona lake achague lililo karibu. Hoja hii imezoeleka kiasi kwamba haitetewi tena. Inatajwa kwenye kikao, vichwa vinaitikia, mnahamia ajenda inayofuata.

Naipinga, na nitaipinga pale pale inapojivunia, kwenye usafi wa data.

Simama kwenye dirisha la usajili la hospitali au chuo chochote usikilize mazungumzo ya karani na mteja. Unatoka wapi, dada? Vwawa. Mkoa gani? Songwe. Karani anashusha orodha, anaipandisha, anaishusha tena. "Mfumo haunipi Songwe. Nikuwekee Mbeya?" Mteja ana mtoto mgongoni na foleni nyuma yake. "Weka tu, kaka." Karani anabonyeza Mbeya, mfumo unaridhika, kialama cha kijani kinatokea, kazi inasonga.

Sasa nambie ni taarifa ipi chafu zaidi kati ya hiyo na ile "Daresalaam" ya neno moja. Daresalaam inajitangaza. Mtu yeyote akiipitia orodha ataiona, ataicheka, atairekebisha kwa dakika moja. Hiyo Mbeya ya uongo haina alama yoyote. Tahajia yake ni sahihi, imepita ukaguzi wote, imekaa kwenye safu pamoja na Mbeya za kweli, na hakuna mchambuzi duniani atakayeweza kuzitenganisha baadaye. Ndiyo data wanayoiita safi: makosa yameandikwa kwa mwandiko mzuri.

Mtetezi wa orodha iliyokomewa atasema huo ni uzembe wa mtu mmoja aliyesahau kuongeza Songwe, mfumo usihukumiwe kwa hilo. Lakini orodha gani ya mambo ya binadamu imewahi kutulia? Mwaka 2002 Tanzania ilipata Mkoa wa Manyara. Mwaka 2012 ikapata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu kwa mpigo. Januari 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Sudan Kusini ilizaliwa tarehe 9 Julai 2011, na orodha za nchi zilizokuwa zimeandikwa ndani ya programu Julai 8 zikawa zimepitwa na wakati kesho yake. Swaziland ikawa Eswatini mwaka 2018. Kongo ilivunja mikoa yake 11 mwaka 2015 ikawa na 26, na mtu wa Lubumbashi aliyekuwa akichagua Katanga akajikuta yuko Haut-Katanga, ilhali mwenzake wa Kolwezi yuko Lualaba. Hapo sijagusa kata na vijiji, wala majina ya shule, ambayo hubadilika bila kutangazwa kwenye taarifa ya habari.

Kenya inatupa mfano mzito zaidi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba nchi ina makabila 42, na idadi hiyo ikawa kama sehemu ya wimbo. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliingia kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa, hawakuwemo. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai kutambuliwa, na mwaka 2017 wakawa kabila la 43. Mwaka huo huo Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Menyu ya kompyuta siyo iliyowanyima watu hawa kutambuliwa, hilo lilikuwa jambo la sheria na siasa. Ila jambo hilo lilipokwisha, kila fomu iliyokuwa na majina 42 yaliyochongwa ndani ya msimbo iliendelea kutoa jibu lile la zamani, mpaka aliyeiandika atafutwe na kulipwa aje aongeze mstari mmoja. Serikali imeshamtambua mtu, fomu bado.

Wakibanwa hapo, watetezi wanatoa silaha yao ya akiba: tumeweka "Nyingine". Chini kabisa ya orodha kuna chaguo la Nyingine, na pembeni yake kisanduku kinachosema "taja". Basi si wamemaliza?

Hawajamaliza. Nyingine ni shimo. Anayekusanya takwimu vijijini kwa simu, kwa zana kama ODK au KoboToolbox, anaijua vizuri, maana humo kuna njia ya mkato inayoongeza chaguo hilo kwenye swali lolote kwa neno moja tu. Kwa sababu ni rahisi, linawekwa kila mahali. Kisha majibu yanarudi: mia kadhaa ya "nyingine, taja", yameandikwa kwa haraka juani, na mchambuzi ambaye ripoti yake inatakiwa Ijumaa anayafungia yote kwenye kipande kimoja cha chati chenye rangi ya kijivu. Angalia kinachotokea humo ndani. Ile Dar, DSM na Daresalaam tuliyoikimbia imo yote ndani ya kisanduku cha taja, tena bila ulinzi wowote. Na jibu ambalo watu hamsini tofauti wamelitaja halipandi juu kumsaidia wa hamsini na moja. Naye anaanza upya, anachagua Nyingine, anaandika lile lile kwa tahajia yake. Mfumo haujifunzi kitu.

Hata muuza duka wa mtaani anatushinda. Akiulizwa bidhaa asiyo nayo mara tatu kwa wiki moja, anaiandika kwenye daftari lake la kwenda sokoni.

Wapo wanaokubaliana nami haraka mno, nao wananitia hofu zaidi kuliko wapinzani. Hawa ni vijana wa JavaScript. Wakisikia "ongeza chaguo" tayari wameshaandika: new Option('Songwe', 'TZ-31'), kisha select.add(), na kwenye kioo jina jipya limetokea. Mteja anapiga makofi. Mbinu yenyewe si ngeni. Elementi ya select imo kwenye HTML tangu toleo la 2.0 la mwaka 1995, na kuongeza machaguo kwa JavaScript ni mchezo wa tangu enzi za Netscape. Shida ni kwamba chaguo hilo linaishi ndani ya ukurasa ule tu, kwenye kivinjari kile tu. Onyesha upya ukurasa, limekwenda. Fungua kompyuta ya dirisha la pili, halijawahi kuwepo.

Tena mara nyingi halifiki hata mbali hivyo. Fomu iliyojengwa kwa Django, ikipokea thamani isiyokuwemo kwenye machaguo yaliyotangazwa kwenye seva, inaikataa na kumwambia mtumiaji kuwa alichochagua hakimo miongoni mwa yanayoruhusiwa. Mifumo ya zamani ya ASP.NET ilikuwa mikali zaidi, ilihesabu jambo hilo kama jaribio la udanganyifu na kutupa ukurasa wa kosa. Kijana anakasirika, anatafuta namna ya kuzima ukaguzi, na kwa bahati mbaya anaipata. Seva ilikuwa na haki. Mtu yeyote anaweza kutuma chochote kutoka kwenye kivinjari chake, kwa hiyo kivinjari hakiwezi kuwa shahidi wa kwamba Songwe ni mkoa. Chaguo jipya lizaliwe kwenye kanzidata, likubaliwe na seva, ndipo menyu ilionyeshe. Mpangilio ukigeuzwa, umepamba ukurasa tu.

Nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo kazi mbovu inapowapa wapinzani wetu ushahidi. Kuna wanaoongeza chaguo kwa kubandika kipande cha HTML mwishoni mwa innerHTML ya menyu. Kivinjari kinaivunja orodha yote na kuijenga upya, na katika kuijenga kinasahau mtumiaji alikuwa amechagua nini. Aliyekuwa ameshachagua Tanga anarudishwa Arusha, ya kwanza kwenye orodha, bila kuambiwa. Na ikiwa jina linalobandikwa limeandikwa na mtumiaji mwingine, basi umemfungulia mlango kila mjanja aingize msimbo wake ukaendeshwe kwenye kompyuta za wenzake. Dawa ya yote mawili ni ile Option au textContent, ambayo huyachukulia maandishi kuwa maandishi. Si elimu ya siri. Lakini tovuti ikidukuliwa kwa njia hiyo, kwenye kikao kijacho utasikia: mnaona, tulisema msiwaruhusu watu kuongeza vitu.

Kosa la tatu ni baya kuliko hayo, na halionekani kabisa mpaka limeshaharibu miaka. Mifumo mingi haihifadhi jina wala utambulisho wa chaguo. Inahifadhi nafasi yake kwenye foleni. Arusha ni 1, Dar es Salaam ni 2, Dodoma ni 3, Iringa ni 4. Siku moja mtu mwema anaongeza Geita, na kwa kuwa orodha hupangwa kwa alfabeti, Geita inaketi baada ya Dodoma. Sasa 4 ni Geita. Watu wote wa Iringa wamehamia Kanda ya Ziwa kwa usiku mmoja, na wa Kagera waliokuwa 5 wanalala Iringa. Hakuna aliyebonyeza kitu kibaya.

Lakini orodha ilikuwa na haki ya kukua. Kilichokosewa ni kuhesabu kwa nafasi. Tazama namba za mikoa ya Tanzania kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 3166-2. Zinaanza kwa alfabeti: Arusha ni TZ-01, Dar es Salaam TZ-02, Mbeya TZ-14, hadi Tanga TZ-25. Manyara ilipokuja haikusukumwa katikati, ilipewa TZ-26. Geita ikapewa 27, Katavi 28, Njombe 29, Simiyu 30, Songwe 31. Mbeya imebaki 14 ingawa imemegwa. Kwenye kioo unaweza kuzipanga kwa alfabeti upendavyo, utambulisho hauguswi. Waliosimamia kiwango hicho wamebeba mikoa sita mipya bila kumhamisha mtu hata mmoja, ilhali mfumo wa usajili wa shule yenye wanafunzi mia tatu unashindwa.

Na hapa nataka kuwatoa wapinzani wangu kwenye kichaka chao kikubwa, dhana kwamba orodha makini ni ile isiyo na nafasi ya kuongezeka. Orodha makini kuliko zote ninazozijua zimeacha viti vitupu kwa makusudi. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ile ICD-10 iliyoidhinishwa mwaka 1990, ilitenga namba za U00 hadi U49 kwa ajili ya magonjwa mapya ambayo chanzo chake bado hakijulikani. Kwa miaka mingi nyingi kati ya namba hizo zilikaa bila mwenyewe. Mwanzoni mwa 2020 UVIKO-19 ulipoingia, ulipewa U07.1, na hospitali zikaweza kuhesabu wagonjwa bila kusubiri toleo jipya la kitabu. Orodha ya nchi ya ISO nayo imeacha alama za herufi ambazo mtumiaji anaruhusiwa kuzipangia maana yake mwenyewe, na ndiyo maana Kosovo, ambayo haimo rasmi, inatambulika kwenye mifumo mingi kwa XK. Hawa si watu wanaojali usafi wa data kidogo kuliko sisi. Walijua tu kwamba dunia haiwaombi ruhusa kabla ya kubadilika.

Ukitaka ushahidi mkali zaidi, uko OpenStreetMap. Tangu ramani hiyo ianzishwe Uingereza mwaka 2004, hakuna orodha iliyokomewa ya vitu vinavyoweza kuchorwa. Unaruhusiwa kubuni alama yako. Kwa hoja ya watengeneza mifumo wetu, kufikia leo ramani hiyo ingekuwa jalala. Badala yake ndiyo iliyotumika Dar es Salaam, chini ya mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, kuchora mitaro na vichochoro vya mitaa inayofurika ambayo ramani za kibiashara ziliiacha kama doa tupu. Haijawa jalala kwa sababu ya jambo dogo la ufundi: kihariri chake, iD, unapoanza kuandika kinakuletea kwanza yale ambayo wengine wamekwisha kuyatumia, hasa yaliyotumika sana. Watu wengi huchagua lililopo, kwa kuwa ni rahisi kuliko kuandika. Mwenye jambo jipya kweli hazuiwi.

Namna hiyo inawezekana kwenye fomu ya kawaida kabisa, na haihitaji kampuni kubwa. Karani anaandika herufi tatu, mfumo unatafuta kwenye majina rasmi na kwenye majina mbadala. Likikosekana, kinatokea kitufe cha kuongeza. Akikibonyeza, jina linaingia kwenye kanzidata likiwa na utambulisho wake wa kudumu na hadhi ya kusubiri, na mteja anahudumiwa hapo hapo. Msimamizi, ambaye anaweza kuwa karani mkuu tu, anafungua orodha ya wanaosubiri kila baada ya siku kadhaa. Songwe anaikubali. DSM anaiunganisha na Dar es Salaam, na neno DSM linabaki kama jina mbadala, ili kesho anayeandika DSM aletewe Dar es Salaam kabla hajafika kwenye kile kitufe. Kila kosa likisahihishwa mara moja halirudi. Huo ndio usafi ninaoutetea, wa kufagia kila siku, na utakuta unahitaji jedwali moja la majina, jingine la majina mbadala, na safu ya hadhi.

Tahadhari moja kwa wanaojenga kwa Django na wenzake: msiisome orodha mara moja wakati seva inawaka kisha mkaikumbatia. Jina litakuwa limekubaliwa kwenye kanzidata na halionekani kwenye fomu mpaka mtu aizime seva na kuiwasha, nanyi mtamlaumu karani.

Zipo orodha za kukomewa, sikatai. Makundi ya damu ya ABO hayahitaji kitufe cha kuongeza. Viwango vya kodi, ngazi za mishahara, vibali vya nani aidhinishe malipo, haya mtu wa dirishani asiyaguse. Tofauti yake ni rahisi kuiona: hapo aliyeandika orodha ndiye anayeamua ukweli wake. Bunge likisema kodi ni asilimia fulani, ndiyo hiyo. Lakini mtu anatoka wapi, kijiji chake kinaitwaje, mazao gani yamelimwa, tatizo gani limemleta, hayo mwenye ukweli ni anayejibu, na mwenye orodha ni mgeni. Watengeneza mifumo wanachanganya aina hizi mbili kwa kuwa kwenye kioo zote zinafanana, kisanduku chenye mshale unaotazama chini.

Nadhani pia, na hapa nitawaudhi wengine, kwamba usafi wa data si sababu pekee ya hoja hii kudumu. Orodha iliyokomewa ni chanzo cha mapato. Nimewahi kuona ofisi moja ikitozwa fedha za "mabadiliko ya mfumo" ili majina mawili ya idara yaongezwe kwenye menyu. Kazi ya dakika chache, ankara ya wiki. Na kabla ankara haijalipwa, wafanyakazi wa idara hizo mbili waliandikwa chini ya idara isiyo yao, kwa miezi. Mjenzi aliyekomea orodha ameshika ufunguo, na mwenye nyumba anamlipa kila anapotaka kuingia chumbani kwake.

Kwa hiyo swali la kuuliza siku ya kukabidhiwa mfumo, kabla ya saini, ni hili: kesho likizaliwa jina jipya, nani ataliingiza, kwa kubonyeza wapi, na litaonekana kwenye dirisha la pili baada ya muda gani? Mwambie aonyeshe hapo hapo, kwa jina utakalomtajia wewe, kisha achague jina hilo kwenye fomu, aihifadhi, aifungue tena. Akikujibu "mtatupigia simu", kazi haijakwisha, na malipo ya mwisho yasitoke.